Siku Ambayo Kila Kitu Kimeenda Sawa

Siku ya kawaida ambayo kila kitu kimeenda sawa haipewi jina wala haiwekewi alama kwenye kalenda. Kwa mama lishe mwenye kibanda chake Buguruni, jijini Dar es Salaam, siku ya namna hiyo huwa hivi. Saa kumi alfajiri bomba linatoa maji, taa inawaka, na mtungi wa gesi bado ni mzito mkononi. Mchele na maharage vipo dukani kwa bei ileile ya juzi. Samaki wamepatikana. Mtoto mkubwa amewahi namba shuleni, mdogo amepata chanjo yake kliniki, na mama amerudi kibandani kabla mafundi na makonda hawajaanza kuulizia chakula cha mchana. Malipo ya simu yameingia bila kukwama. Mvua, kama ilikuwepo, ilinyesha usiku na ikaisha. Jioni masufuria yanaoshwa yakiwa matupu, fedha ya mtaji wa kesho imetengwa, na inayobaki pembeni ni faida. Akiulizwa siku imekwendaje, anajibu kwamba anamshukuru Mungu.

Shukrani hiyo ni ya haki. Lakini ndani ya siku kama hiyo imo hesabu inayostahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu inaonyesha kwamba siku hiyo, kwa kawaida ya mambo, ilitakiwa kuwa adimu sana.

Hesabu yenyewe inatokana na kanuni ya kuzidisha. Jambo likitegemea mambo mengine mengi, na kila moja linaweza kukwama kivyake, nafasi ya yote kwenda sawa kwa pamoja hupatikana kwa kuzidisha nafasi ya moja kwa nafasi ya la pili, kisha ya la tatu, mpaka mwisho. Siku ya mama lishe inategemea mambo ishirini kwa uchache: maji, umeme, gesi, usafiri, samaki, nafaka, mtandao wa simu, afya ya watoto, afya yake mwenyewe, msaidizi kufika kazini, na kadhalika. Tuseme kila moja huenda sawa mara 95 kati ya 100. Wengi wangesema huo ni uhakika wa kutosha. Lakini yakizidishwa yote ishirini, siku isiyo na kasoro hata moja itatokea karibu mara 36 tu kati ya 100. Uhakika wa kila jambo ukipandishwa mpaka mara 99 kati ya 100, siku hizo zinafika 82. Hata hapo, karibu siku moja katika kila sita ingeharibika.

Hata hivyo, mama lishe huyo hana siku mbovu nyingi kiasi hicho. Wiki nzima hupita bila yeye kufunga kibanda. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachofanya kazi chini ya hesabu hiyo, na kitu hicho ni akiba. Siku ambayo kila kitu kimeenda sawa, ikichunguzwa kwa karibu, inakutwa imejaa mambo yaliyokwenda kombo. Pampu moja ilizimika mtoni. Mtambo mmoja wa umeme ulitoka kwenye gridi. Lori lilipasua gurudumu njiani. Kila tatizo lilikuta kitu cha pili kimewekwa tayari, likaishia hapo, na halikumfikia mtu aliyeshika mwiko. Kama kitu kimoja hukwama mara moja katika kumi, na cha pili kilichowekwa kukishikilia nacho hukwama mara moja katika kumi, vyote viwili hukwama kwa pamoja mara moja tu katika mia. Kuanzia hapo ndipo siku njema inapojengwa, na njia bora ya kuona ujenzi huo ni kufuata vitu vyenyewe mpaka vinakotoka.

Maji ndiyo ya kwanza, kwa kuwa bila maji kibanda cha chakula hakifunguliwi. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, unaopata maji yake kutoka Milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Mitambo mikubwa inayoyasafisha ni miwili. Ruvu Juu, iliyopo Mlandizi, ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ina uwezo wa lita milioni 270. Maji ya mto hayaingii jijini kama yalivyo. Hupita kwenye machujio yanayozuia magogo na majani, kisha hutiwa dawa inayofanya chembe za udongo zishikane na kuzama, kama shabu inavyofanya kwenye ndoo ya maji ya kisima. Baada ya hapo huchujwa kwa mchanga na kutiwa klorini. Kipimo cha dawa hakikai mahali pamoja. Masika yakianza, mto hubeba tope na kubadilika rangi ndani ya saa chache, na mtaalamu wa zamu hulazimika kuchota maji na kuyajaribu kwenye vyombo vidogo vya kioo mpaka apate kipimo kipya. Mvua ikinyesha Uluguru saa nane usiku, kazi hiyo hufanyika usiku huohuo, wakati wateja wote wa jiji wamelala.

Kutoka mitamboni, pampu husukuma maji mpaka kwenye matangi makubwa yaliyojengwa juu ya vilima. Maji ya Ruvu Juu yana matangi Kimara, na ya Ruvu Chini hufika kwenye matangi ya eneo la Chuo Kikuu. Watu wengi huyaona matangi hayo wakipita na kuyachukulia kama majengo tu. Kazi yake ni kubwa kuliko hiyo. Jiji halitumii maji sawasawa kutwa nzima: alfajiri mabomba hufunguliwa kwa wakati mmoja kila mtaa, na usiku wa manane matumizi hupungua sana. Pampu zikifanya kazi usiku, tangi hujaa, na alfajiri maji hushuka yenyewe kwa uzito wake. Pampu ikizimika kwa saa moja au mbili ili ifanyiwe matengenezo, maji ya tangini hujaza pengo. Mama lishe anayefungua bomba saa kumi alfajiri anapata maji yaliyosukumwa wakati yeye amelala, na hatajua kamwe kama pampu ilizimika.

Akiba hiyo ina mwisho wake. Mwishoni mwa 2022 mvua za vuli zilichelewa, kina cha Ruvu kikashuka, na uzalishaji ukapungua mpaka karibu lita milioni 300 kwa siku kutoka zile 466 ambazo mitambo hiyo miwili inaweza kutoa kwa pamoja. Mgawo wa maji ukatangazwa. Mitambo ilikuwa mizima na wahandisi walikuwepo. Kilichokosekana ni mto wenyewe. Ndiyo maana bwawa la Kidunda, ambalo mipango yake ilikuwa imezungumzwa kwa miaka mingi, lina maana kubwa kwa vibanda vya chakula vya jijini. Limesanifiwa kuhifadhi lita bilioni 190 za maji ya masika yatumike kiangazi. Ni tangi la Kimara kwa kipimo cha majira: lile hushikilia tofauti ya usiku na asubuhi, hili litashikilia tofauti ya Aprili na Oktoba.

Ukame huohuo wa 2022 ulipunguza pia umeme, kwani mabwawa ya kuzalisha umeme nayo yalikosa maji. Hapo ndipo hesabu ya akiba inapodai uangalifu. Kanuni ya mara moja katika mia hufanya kazi pale tu ambapo vitu viwili havianguki kwa sababu moja. Akiba ya umeme wa maji haiwezi kuwa umeme mwingine wa maji kutoka nchi ileile yenye ukame uleule. Tanzania ilijifunza hilo mapema kiasi. Gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004, bomba la gesi kutoka Mtwara likakamilika 2015, na mitambo ya Kinyerezi ikafuata. Upande wa maji, Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024.

Umeme una tabia moja isiyopatikana kwenye maji: kwenye gridi hauna tangi la kuuhifadhi. Kinachozalishwa na kinachotumika lazima vilingane wakati wote, na mizani hiyo husomwa kwa hezi, ambazo hapa zinatakiwa kubaki karibu na 50. Mtambo mmoja ukizimika ghafla, kipimo huanza kushuka papo hapo. Mitambo mingine iliyokuwa ikizunguka chini ya uwezo wake huongeza nguvu ndani ya sekunde. Akiba hiyo ya kuzunguka bila kutumika kikamilifu huonekana kama upotevu kwa asiyejua kazi yake, naye ndiye anayeuliza kwa nini mtambo mzima haupewi kazi yote. Jibu lake ni taa ya alfajiri ambayo haikupepesa.

Samaki ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa hapa mkono wa binadamu ni mfupi na siku njema huanza angani. Soko la samaki la Feri, Magogoni, lilifunguliwa katika sura yake ya sasa mwaka 2002, lakini wavuvi walikuwa wakishusha samaki ufukweni hapo tangu zamani. Kinacholeta au kukosesha samaki ni vitu vitatu vinavyokwenda kwa kalenda yake vyenyewe: mwezi, upepo na maji ya bahari. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza. Hapo zamani walitumia karabai, sasa wengi wana taa za betri au za jenereta. Mwanga huwavuta dagaa juu, kisha wavu huzungushwa. Mwezi unapokuwa mpevu, mbalamwezi huangaza bahari yote, taa ya mashua hupoteza nguvu yake ya kuvuta, na wengi hupumzika au hushona nyavu. Kwa hiyo bei ya dagaa mjini hupanda na kushuka kwa mwezi wa angani, na mama lishe mzoefu hulijua hilo bila kutazama kalenda. Wiki ya mbalamwezi hupika maharage zaidi.

Upepo una zamu zake. Kaskazi huvuma takriban Novemba mpaka Machi, na kusi hushika kuanzia Aprili mpaka karibu na Oktoba, ukiwa mkali zaidi katikati ya mwaka, Juni na Julai. Vyombo vidogo, yaani ngalawa na mitumbwi, ndivyo vinavyoumia kwanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, na mvuvi anayezisikia redioni jioni huamua kama atatoka au atalala. Tahadhari inayolingana na hali halisi huzaa matokeo mawili mazuri ambayo hayaonekani: chombo kilichobaki nchi kavu hakikuzama, na chombo kilichotoka siku iliyotajwa kuwa shwari kilirudi na samaki. Bamvua nayo ina nafasi yake. Tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani ya Dar es Salaam inaweza kupita mita tatu wakati wa bamvua, na nahodha hupanga saa ya kuingia na kutoka kwa kuzingatia hilo.

Samaki wakishafika, kazi inageuka kuwa ya saa na barafu. Mnada huendeshwa kwa sauti na kwa haraka, kwa sababu joto la Dar es Salaam halimsubiri mtu anayesita. Wachuuzi hununua kwa mafungu, wakaangaji huwasha majiko yao palepale, na ndoo husambaa mitaani kwa daladala, bodaboda na vichwa vya watu. Samaki aliyekuwa baharini usiku anaweza kuwa kwenye sahani Buguruni saa saba mchana. Katika safari hiyo yote hakuna ofisi moja inayosimamia. Ni makubaliano ya watu wanaofahamiana kwa sura na kwa uaminifu: mchuuzi anajua mama fulani huchukua vibua vya kiasi gani, na mama anajua mchuuzi hatamletea samaki wa jana.

Nafaka na mboga zina njia ndefu zaidi, ingawa maelezo yake ni mafupi. Mchele mwingi wa jijini hutoka Mbeya na Morogoro, maharage kutoka nyanda za juu, nyanya kutoka Ilula na vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa. Barabara kuu hupita mlima Kitonga, ambako lori moja likianguka kwenye kona linaweza kufunga njia kwa saa nyingi. Siku moja ya kufungwa haionekani kwenye kibanda, kwani Tandale na masoko mengine yana magunia ghalani. Siku tatu huonekana, na nyanya ndizo za kutangulia kulalamika, kwa kuwa haziwekeki.

Kliniki inastahili kutazamwa kwa utulivu kidogo. Mtoto mdogo wa mama lishe amefikisha miezi tisa na amepelekwa kuchanjwa surua na rubela. Tukio lenyewe huchukua dakika chache: mtoto anapimwa uzito, kadi inaandikwa, sindano, kilio, kunyonya, kwisha. Chanjo hiyo ilitengenezwa mbali, ikasafirishwa, ikapita ghala la taifa, la mkoa na la wilaya, mpaka kwenye jokofu la kituo. Njia nzima joto lake lilitakiwa kudhibitiwa, na kituoni hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Wataalamu huuita utaratibu huo mnyororo baridi. Chupa ya chanjo hubandikwa alama ndogo ya mraba ndani ya duara. Mraba hukolea rangi kadiri chupa inavyopata joto, na ukishafikia rangi ya duara, chanjo hiyo haitumiki tena. Muuguzi huitazama alama hiyo kabla ya kufungua chupa, kwa jicho la haraka ambalo mzazi hawezi kulitambua.

Kuna uamuzi mwingine ambao muuguzi huufanya kimya. Chupa ya chanjo ya surua mara nyingi huwa na dozi kumi, na ikishachanganywa na maji yake haitakiwi kupita saa sita. Asubuhi wakija watoto wawili tu, kufungua chupa ni kukubali kwamba dozi nane huenda zikamwagwa. Shirika la Afya Duniani linahimiza chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na ushauri huo ni sahihi kabisa. Mama aliyeacha biashara akaambiwa arudi wiki ijayo ana gharama ambayo haiandikwi kwenye hesabu ya dozi, na wapo wasiorudi. Siku ya mama lishe imekwenda sawa kwa sababu mtu mmoja aliona kumwaga dozi nane ni nafuu kuliko kumrudisha mtoto mmoja.

Hata chanjo hiyo ina akiba yake. Dozi ya kwanza ya surua ikitolewa kwenye miezi tisa huwakinga takriban watoto 85 kati ya 100. Waliobaki kumi na tano hawatambuliki kwa kutazamwa, na kuwapima wote damu haiwezekani. Kwa hiyo watoto wote hupewa dozi ya pili wakifikisha miezi 18, na wengi wa wale ambao dozi ya kwanza haikuwashika hukingwa hapo. Mzazi anayedhani dozi ya pili ni usumbufu wa kurudia kilekile ana haki ya kuelezwa hesabu hii kwa lugha nyepesi, kwa kuwa ni hesabu ileile ya kitu cha kwanza na cha pili.

Mama lishe mwenyewe ni fundi wa akiba, na hapa ndipo taasisi zingeweza kujifunza kutoka kwake. Kibandani ana jaba la lita mia moja au mia mbili lililojaa kila jioni. Hiyo ndiyo akiba yake ya maji. Ana mtungi wa gesi na, nyuma ya meza, gunia la mkaa na jiko lake, ili gesi ikikata katikati ya wali, sufuria ihame tu. Ana laini mbili za simu za mitandao tofauti, maana mmoja ukilala mteja atalipa kwa mwingine. Kwa Mangi wa dukani ana jina zuri, kwa hiyo siku ambayo fedha haijatosha anachukua mafuta kwa mali kauli na kulipa jioni. Yumo kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, na zamu yake ya upatu anaijua. Jirani wa kibanda cha pili humshikia wateja anapokwenda kliniki, naye humshikia jirani siku ya msiba. Mambo haya yote yana gharama: maji yaliyosimama yangeweza kutumika, fedha ya kikundi ingeweza kununua mchele, na muda wa kumsaidia jirani ni muda wa kuuza. Yeye huilipa gharama hiyo kila siku, zikiwemo siku ambazo hakuna kilichokatika.

Kwa sababu hiyo siku njema haigawanyiki sawa. Mwenye mtaji wa sufuria moja, asiye na jaba, aliyehamia mtaani mwezi uliopita na asiyefahamika kwa Mangi, anaishi ndani ya ile hesabu ya kwanza ya kuzidisha. Kila kasoro inayozaliwa popote, Mlandizi au Kitonga, inamfikia bila kupungua. Watu humwona ana mkosi. Mkosi wake mkubwa ni kwamba hana kitu cha pili. Misaada na mikopo midogo hupimwa mara nyingi kwa faida inayoongeza; ingefaa ipimwe pia kwa siku ngapi mbovu imezuia, ingawa kipimo hicho ni kigumu kuliko kile cha kwanza.

Bahati ipo, na isikataliwe. Hakuna aliyepanga kwamba homa ya mtoto ishuke usiku huohuo, wala kwamba wingu la Kigamboni lielekee baharini. Akiba hupunguza idadi ya mambo yanayoachiwa bahati, haiyamalizi. Siku fulani mambo yasiyo na akiba yote hukaa vizuri kwa pamoja, na furaha ya siku hiyo ni halali.

Ajabu ni namna siku hizo zinavyosahaulika. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba hasara humgusa binadamu kwa nguvu kuliko faida ya kiasi kilekile: maumivu ya kupoteza shilingi elfu kumi huzidi furaha ya kuziokota. Mwaka 2016 Shai Davidai na Thomas Gilovich walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu huyakumbuka zaidi mambo yaliyowazuia kuliko yaliyowasukuma mbele. Baharia analielewa hilo bila kusoma utafiti. Upepo wa omo humpiga usoni na kumlazimisha kubishana nao kila dakika. Upepo wa tezi humsukuma kwa nyuma, na baada ya muda mfupi hausikii tena.

Vyombo vya habari vina sehemu yao. Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge walichunguza jinsi magazeti manne ya Norway yalivyoandika kuhusu migogoro ya Kongo, Cuba na Kupro, wakachapisha matokeo mwaka 1965. Walionyesha kwamba tukio baya na la ghafla lina nafasi kubwa zaidi ya kuwa habari kuliko jema linalokwenda polepole. Bomba likipasuka dakika moja, habari imekamilika. Bomba lililodumu miaka ishirini kwa sababu lilikaguliwa halina dakika ya kutangazwa.

Redio yenyewe iliwahi kukabiliana na jambo hili waziwazi. Tarehe 18 Aprili 1930, Ijumaa Kuu, mtangazaji wa BBC jijini London alifika kwenye taarifa ya jioni na kusema kwamba hakuna habari. Muda uliobaki ukajazwa kwa muziki wa piano. Tukio hilo husimuliwa kama alama ya siku tulivu. Lakini siku hiyohiyo wapigania uhuru walishambulia maghala ya silaha Chittagong, nchini India ya wakati huo, na kanisa la mbao liliungua Costești, Rumania, likaua watu zaidi ya mia moja wakiwa kwenye ibada. Habari hizo zilikuwa bado hazijafika London. Siku iliyokwenda sawa, basi, ina mipaka ya mahali: ni ya mtu fulani, mtaa fulani, jiji fulani, na mwingine kwa saa zilezile alikuwa katika msiba.

Wapo wanaoziandika siku njema kwa lazima ya kazi yao. Kwenye jokofu la chanjo hutundikwa karatasi, na joto husomwa na kuandikwa asubuhi na jioni, siku saba za wiki, sikukuu zikiwemo. Kwenye vituo vya pampu, wa zamu hujaza daftari: mgandamizo, joto la mota, kiasi cha maji, saa. Kurasa nyingi za daftari hizo zinafanana kiasi cha kumchosha msomaji. Kufanana huko kuna kazi. Beringi ya pampu mara nyingi haiharibiki ghafla. Huanza kwa kupanda joto kidogo kidogo, nyuzi moja wiki hii, nyuzi mbili wiki ijayo. Fundi hawezi kuliona hilo bila kujua joto lake lilikuwa ngapi siku zote ambazo hakukuwa na tatizo lolote. Zikiwepo kurasa hizo, beringi hubadilishwa kwa ratiba, usiku, tangi la kilimani likiwa limejaa, na bomba la Buguruni linatoa maji saa kumi alfajiri kama jana.